Mama Mlei Ana Sauti Gani Kanisani?

Ukipita vigangoni huku kwetu Lushoto siku ya Jumamosi utamkuta nani? Ni akina mama. Tunafagia kanisa, tunafua vitambaa vya altare, tunapanda mlima na kuni kichwani msiba unapotokea, na jioni ndio sisi tunaoongoza rozari katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Lakini sadaka ya mavuno ikihesabiwa na kupangiwa kazi, mara nyingi sisi tunapata habari wakati wa matangazo.

Je, ndivyo Kanisa linavyoagiza? Tunaona afadhali tuulize hadharani kuliko kunong'ona kisimani.

Wengine hudhani tunadai upadre. Hilo Papa Yohane Paulo wa Pili alilitolea tamko tarehe 22 Mei 1994: Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja ya upadre, na waamini wote washike hivyo. Hapa Lushoto swali haliwezi kufichwa. Majirani zetu Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao makuu mjini hapa, ni wa KKKT, kanisa lililokubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Watoto wanayaona hayo, na wanatuuliza tukiwa jikoni. Tuwajibu kwa upole yale Kanisa letu linayofundisha, wala tusiwakemee kwa kuuliza.

Ila kati ya upadre na ufagio kuna nafasi kubwa, nayo ndiyo haisemwi.

Sisi wauguzi tunaijua. Mtoto anazaliwa amechoka, hapumui sawasawa, mvua inanyesha na padre yuko ng'ambo ya milima. Kwanza tunamsaidia apumue, bila shaka. Lakini hali ikiwa mbaya na mama yake ameomba, Kanuni ya 861 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa kubatiza. Mkunga huchukua maji safi, humimina kichwani mwa mtoto na kumbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ubatizo huo ni kamili. Mtoto akipona haurudiwi; paroko hupewa taarifa amwandike kitabuni.

Basi mwanamke anayeaminiwa jambo kubwa hivyo, kwa nini asiaminiwe kusoma hesabu za kigango? Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na kamati ya fedha, waamini wamsaidie paroko kusimamia mali. Haisemi wawe wanaume. Na halmashauri ya parokia, kwa Kanuni ya 536, ina kura ya ushauri tu. Kwa hiyo mzee wa halmashauri hana kura nzito kuliko ya mama aliyeketi karibu naye.

Huko Roma nako mambo yamesogea. Januari 2021 Papa Fransisko alibadili Kanuni ya 230, wanawake nao waweze kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya utumishi wa altare. Oktoba 2023 wanawake walipiga kura katika Sinodi kwa mara ya kwanza. Januari 2025 Sista Simona Brambilla, Mmisionari wa Consolata aliyefanya utume Msumbiji, aliteuliwa kuongoza ofisi ya Vatikani inayoshughulikia watawa. Kuhusu ushemasi, hati ya mwisho ya Sinodi, Oktoba 2024, ilisema suala hilo libaki wazi.

Kikwazo chetu, wenzetu, kimekuwa saa ya kikao. Kikiitwa jioni, mama yuko na sufuria motoni na mtoto mgongoni; halafu husemwa akina mama hawapendi vikao! Katika kigango kimoja huku milimani akina mama waliomba kikao kifanyike mara baada ya Misa ya Jumapili. Wakaja wengi. Wa kwanza kusimama alikuwa bibi mmoja asiyejua kusoma, akauliza mabati yaliyonunuliwa mwaka uliopita yako wapi. Daftari likafunguliwa upya.