Panya Hakati Tamaa: Istilahi za Kiswahili na Majaribio ya Dawa za Sonona Maabarani

Sentensi kama "mmea huu umeponya sonona kwa panya" haina kosa la sarufi. Hata hivyo, msomaji akiifuata hadi maabara ilikotoka, hatamkuta panya mwenye sonona wala panya aliyepona. Makala haya yanaeleza kinachopimwa hasa katika majaribio ya aina hiyo, kisha yanayatazama maneno ambayo Kiswahili hutumia kukieleza.

Jaribio mashuhuri zaidi lilielezwa mwaka 1977 na Roger Porsolt na wenzake nchini Ufaransa. Panya hutiwa katika chombo cha mviringo chenye kuta ndefu na maji ya nyuzijoto 25 hivi, asiweze kutoka. Siku ya kwanza huachwa humo kwa dakika 15. Mwanzoni huogelea kwa nguvu na kuparamia kuta. Baadaye hutulia, akielea na kujisogeza kidogo tu ili pua ibaki juu ya maji. Baada ya saa 24 hurudishwa majini kwa dakika 5, na mtafiti huhesabu sekunde alizotulia. Kati ya mara hizo mbili panya hupewa dozi tatu za dawa inayochunguzwa. Kundi linganishi hupewa kimiminika kisicho na dawa, na aghalabu kundi jingine hupewa dawa inayojulikana, kwa mfano imipramini, ambayo manufaa yake kwa wagonjwa wa sonona yalitambuliwa na Roland Kuhn wa Uswisi katika miaka ya 1950. Dawa ikipunguza sekunde za kutulia, huhesabiwa kuwa imefaulu. Anayehesabu hapaswi kujua panya yupi alipewa nini, la sivyo jicho lake litaona kile linachokitarajia.

Kilichopimwa, basi, ni sekunde. Mengine yaliongezwa na jina: Porsolt na wenzake waliuita utulivu ule kukata tamaa, kwa dhana kwamba mnyama ametambua kuwa hakuna njia ya kutokea. Dhana hiyo imepingwa. E. Ron de Kloet na Marc Molendijk wa Leiden, Uholanzi, wanauona utulivu huohuo kuwa ni matokeo ya kujifunza: panya aliyekwisha kugundua kwamba kuparamia hakumfaidii huhifadhi nguvu zake ili aendelee kuelea. Mvuvi ambaye ngalawa yake imepinduka naye hushauriwa aelee, asipige maji ovyo, na hakuna anayesema kwamba amekata tamaa.

Kipimo chenyewe hudanganyika pia. Kafeini na amfetamini hupunguza kutulia kwa sababu tu humchangamsha mnyama. Ndiyo maana panya huwekwa vilevile katika uwanja mtupu ili mwendo wake wa kawaida upimwe. Kinyume chake, fluoksetini, dawa ya sonona inayotumika duniani kote, mara nyingi haikutambuliwa na kipimo cha awali, hadi Irwin Lucki na wenzake walipoongeza kina cha maji katika miaka ya 1990 na kutenganisha kuogelea na kuparamia. Zito zaidi ni suala la muda. Kwa panya dawa huonyesha athari ndani ya siku moja, ilhali mgonjwa kwa kawaida hungoja majuma kadhaa kabla ya kupata nafuu.

Kiswahili kina tatizo lake hata katika kumtaja mnyama. Neno "panya" hujumuisha jamii mbili ambazo maabara huzitofautisha, na taratibu zake si zilezile: wale wadogo huingizwa majini mara moja tu, kwa dakika 6, na dakika 4 za mwisho ndizo huhesabiwa. "Kipanya" lingefaa kwa hao wadogo, ingawa msomaji wa Dar es Salaam huenda akafikiria kwanza basi dogo la abiria.

Mkanganyiko wenye madhara zaidi umo katika "msongo wa mawazo", maneno ambayo katika mazungumzo hutaja mzigo unaomwelemea mtu na pia ugonjwa unaoweza kufuata. Mwaka 1987 Paul Willner na wenzake, London, walieleza utaratibu ambamo panya husumbuliwa kwa majuma kadhaa na kero ndogondogo zisizotabirika: kizimba kuinamishwa, matandazo kuloweshwa, taa kuachwa usiku kucha. Panya hao hupunguza upendeleo wao kwa maji ya sukari, na dawa ikitolewa kwa majuma 2 hadi 4 huurudisha. Hapa msongo ni kile mtafiti anachomtendea panya. Kupungua kwa hamu ya sukari ndiyo dalili inayopimwa. Sonona ni ugonjwa wa binadamu ambao dalili hiyo hulinganishwa nao. Mwandishi anayeyaita yote matatu "msongo" humnyima msomaji nafasi ya kujua dawa imegusa lipi.

Kwa mitishamba, makala asilia za Kiingereza huwa na tahadhari: huongeza kiambishi kidogo chenye maana ya "kama ya". Katika tafsiri, kiambishi hicho ndicho hupotea kwanza. "Athari inayofanana na ya dawa za sonona" ni maneno marefu, lakini ndiyo sahihi. Mfano ni *Hypericum perforatum*, mmea ambao Waingereza na Wajerumani wameuita kwa jina la Mtakatifu Yohana. Mmea huo umefaulu katika majaribio ya kuogelea, na nchini Ujerumani umetumiwa sana na wagonjwa wa sonona isiyo kali. Lakini mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa watu wenye afya njema, kwamba hupunguza kiwango cha indinaviri, dawa ya kufubaza VVU, kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa huchochea vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa hiyo mwilini. Dolutegraviri, inayotumika sasa kwa wingi Afrika Mashariki, nayo ina onyo kuhusu mmea huohuo. Jaribio la kuogelea lisingeweza kulionyesha hilo, kwani panya wake hanywi dawa nyingine.