Je, Damu Yaweza Kutuambia Kama Tutasahau Uzeeni?

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha sikia kwamba siku hizi, katika nchi kama Marekani na Uingereza, mtu aweza kutema mate katika kichupa kidogo, akakipeleka kwa posta, na baada ya majuma machache akaletewa habari za maradhi yanayoweza kumpata atakapokuwa mzee. Miongoni mwa maradhi hayo ni ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari wauita demensia. Wako watu wanaousifu sana uchunguzi huo, na wako wanaouogopa kama ramli. Nia yangu ni kueleza unasema nini na hausemi nini, maana nimeona kwamba pande zote mbili wauchukua kuwa kitu kimoja, kumbe ndani yake mna habari za namna mbili zilizo mbalimbali kabisa.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Demensia siyo uzee. Kila mzee husahau mara nyingine mahali alipoiweka fimbo yake. Lakini mwenye demensia aweza kuishika fimbo mkononi asijue ni ya kazi gani. Hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, huwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, na huenda akatoka nje usiku wa manane akisema peke yake. Hapa kwetu Tanzania wako wazee, hasa akina bibi, waliodhaniwa kuwa wachawi na hata kuuawa. Ni vigumu kuamini kwamba hapakuwa na hata mmoja wao aliyekuwa mgonjwa tu.

Aina ya demensia iliyo ya kawaida zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, daktari huyo alianza kumchunguza mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, ambaye hata kuliandika jina lake kulimshinda. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa darubini akaona mabonge madogo madogo kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Basi chanzo kilikuwa katika ubongo, wala si pepo wala uchawi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Sasa tuje kwenye urithi. Katika somo la Biolojia twajifunza kwamba mtoto hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya seli, na mara nyingine agizo huwa na kosa. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, ni kweli katika ugonjwa huu?

Kwa watu wachache, karibu ni kweli. Iko jeni iitwayo PSEN1, iliyogunduliwa mwaka 1995. Mtu akirithi kwa mzazi mmoja tu nakala yenye kosa la namna fulani, karibu hana budi kuugua, tena mapema. Mahali panapojulikana sana kwa jambo hili ni mkoa wa Antioquia katika nchi ya Colombia, ambako Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, alizichunguza koo zenye kosa hilo kwa miaka mingi. Wenye kosa hilo huanza kupungukiwa na kumbukumbu wapatapo miaka 44 hivi, na kufikia miaka 49 huwa wamekwisha ingia katika demensia. Kila mtoto wa mzazi mwenye kosa hilo ni kama shilingi iliyorushwa juu: huenda akairithi, huenda asiirithi, nusu kwa nusu. Uchunguzi wa jeni hii hutoa habari iliyo karibu na yakini. Lakini watu wa namna hii hawafiki hata mmoja katika kila wagonjwa 100 wa Alzheimer.

Namna ya pili ndiyo inayowahusu watu wengi, nayo ndiyo ile ya kichupa cha mate. Hapa huchunguzwa jeni nyingine iitwayo APOE. Jeni hii ina aina tatu za kawaida, ya 2, ya 3 na ya 4, na kila mtu ana nakala mbili. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba aina ya 4 huonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, mwenye nakala moja ya aina hiyo ana hatari mara mbili au tatu kupita asiye nayo. Mwenye nakala mbili hatari yake yaweza kuwa mara nane hata kumi na mbili. Lakini wako wengi walio nayo wanaozeeka wakiwa na akili timamu, na wako wengi wasio nayo wanaougua. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Mtu asomaye habari ya APOE kana kwamba ni habari ya PSEN1 amelichukua wingu kuwa mvua.

Tena, wingu hilo halina uzito ule ule kila mahali. Wataalamu waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, ambao asili yao pia ni Afrika. Habari zilizotolewa mwaka 2001 zilionyesha kwamba katika kila wazee 1,000, walioingia katika demensia kwa mwaka walikuwa 13 au 14 hivi Ibadan, na 32 hivi Indianapolis. Wala aina ya 4 ya APOE si haba kwa Wayoruba. Wanayo wengi, lakini uhusiano wake na ugonjwa ulionekana kuwa hafifu zaidi kwao. Basi Mwafrika akipewa hesabu zilizotengenezwa kwa kuwachunguza Wazungu, asizipokee kama zilivyo.

Hapo ndipo lizukapo swali gumu: je, yafaa kujua? James Watson, mmoja wa wale waliogundua umbo la vinasaba mwaka 1953, alisomewa jeni zake zote mwaka 2007. Aliruhusu zitangazwe kwa watu wote isipokuwa hiyo APOE, ambayo alikataa hata yeye mwenyewe kuambiwa, kwa sababu bibi yake alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kwa upande wa pili, wataalamu wa Marekani waliwachunguza watu wazima 162 ambao wazazi wao walikuwa na ugonjwa huo. Wengine waliambiwa habari ya APOE yao na wengine hawakuambiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti kubwa ya wasiwasi au huzuni kati ya makundi hayo. Lakini tukumbuke kwamba watu hao walielezwa vizuri na washauri waliofunzwa, hawakuachiwa karatasi tu.

Mimi mwenyewe sikulichagua swali hili kwa mchezo. Bibi mzaa baba amekwisha yasahau majina yetu sote, na nyumbani watu huulizana kimya kimya ni nani atakayefuata. Nimelifikiri sana. Kama ukoo wetu ungekuwa na ugonjwa unaowashika watu wa miaka arobaini kizazi baada ya kizazi, ningetaka kujua kabla ya kuoa. Lakini bibi alianza kusahau alipokwisha pita miaka themanini, na katika hali hiyo kichupa cha mate kisingeniambia ila kwamba kuna wingu. Wala nisingependa mtu mwingine anipimie bila kuniuliza, maana jeni zangu ni habari za ndugu zangu pia.

Tena liko jambo ambalo halihitaji kichupa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, likasema kwamba kama yangeondolewa yote, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi, kuumia kichwani, kukaa bila mazoezi, uziwi usiotibiwa, upweke, na elimu haba utotoni. Ndiyo kusema kwamba sisi tuliomo shuleni tumekwisha anza kujikinga bila kujua.

Kwa hiyo, wenzangu, mtu akikuonyesha matokeo ya uchunguzi wa namna hii, muulize kwanza: ni jeni gani, na hesabu hizi zimetokana na watu gani? Na tutakapokwenda nyumbani likizo, tumpeleke babu kupimwa shinikizo la damu, tukae na bibi tuzungumze naye hata akirudia hadithi ile ile mara tano, na mtu akimwita mchawi, tumwambie kwamba huyo ni mgonjwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha IV