Mume akipoteza kumbukumbu, gharama anaibeba nani?

Mwaka 2019 demensia iliigharimu dunia dola za Marekani trilioni 1.3. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), karibu nusu ya gharama hiyo ni thamani ya kazi inayofanywa bila malipo na ndugu na watu wa karibu: kuogesha, kulisha, kuvalisha, kumwangalia mgonjwa asipotee. Mlezi mmoja hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake.

Saa 5 kwa siku ni saa 150 kwa mwezi, yaani karibu siku 19 za kazi za mtu aliyeajiriwa kwa saa 8. Mama mwenye genge la mboga akizitoa siku hizo kumuuguza mumewe, genge linafungwa. Hasara hiyo haina risiti, kwa hiyo hata watoto wake hawaioni.

Demensia, ambayo wengi huiita ugonjwa wa kusahau, husababishwa na magonjwa yanayoharibu ubongo. Alzheimer pekee inachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wengine hupata demensia baada ya kiharusi au mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Uzee huongeza hatari, lakini si kila mzee huugua.

Dalili za mwanzo mara nyingi hujitokeza kwenye pesa. Mzee analipa deni lile lile mara mbili, anasahau namba ya siri ya simu, anaficha noti chini ya godoro kisha anamtuhumu mkewe kuwa amemwibia. Familia nyingi husema ni uzee tu, au hushuku kuna mkono wa mtu. Wakati huohuo akiba inapungua.

Tatizo hili lipo vijijini kwetu pia. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uligundua kuwa takriban wazee 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia.

Usiku ndio humchosha mlezi zaidi. Ugonjwa huvuruga mpangilio wa usingizi: mgonjwa anasinzia mchana, saa nane usiku anaamka, anavaa koti na kudai anachelewa kazini, ilhali alistaafu zamani. Mke anaamka, anafunga komeo, anambembeleza arudi kitandani, anabadilisha shuka lililolowa. Kukicha kuna shuka la kufua, sabuni na maji ya kununua, na nepi za watu wazima ambazo hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Siku ya kliniki kuna nauli ya watu wawili, maana mgonjwa hawezi kwenda peke yake.

Mlezi huyo mara nyingi naye ni mzee, ana presha au sukari, na kliniki yake ndiyo ya kwanza kuahirishwa.

Misaada ipo, ila ni midogo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee Sh2,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Msamaha huo wa matibabu haununui nepi, wala haumlipi anayekesha.

Kuna gharama zinazoweza kuepukwa. Kwanza, mgonjwa apimwe vizuri, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, na hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Pili, mgonjwa akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache, apelekwe hospitali haraka. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au malaria. Tatu, familia isiuze shamba kwa ahadi ya uponyaji. Dawa kama donepezil huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, lakini hakuna dawa inayorudisha ubongo ulioharibika.

Kubwa zaidi ni kugawana mzigo mapema. Watoto wakae na mama yao, waandike kila kitu: nepi, sabuni, nauli, mapato ya genge lililofungwa, na saa anazokesha. Mwenye kipato atume fedha kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Asiye na fedha achukue zamu ya usiku, hata siku mbili kwa wiki, ili mama alale na kliniki yake asiikose.