Muuguzi asitumwe na sindano pekee

Mwaka 2009 nilikuwa sebuleni kwa shangazi yangu nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, muuguzi alipobisha hodi. Kifua kikuu kilikuwa kimemrudia shangazi, na wakati huo waliorudiwa na maradhi hayo walidungwa streptomaisini kila siku kwa miezi 2. Kwa kuwa hakuweza kutembea hadi zahanati, sindano ilimfuata nyumbani.

Siku ya tisa, dakika chache baada ya kudungwa, alianza kujikuna viganja. Mara midomo ikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikawa ya kukoroma. Muuguzi alifungua mkoba wake: pamba, spiriti, kadi ya matibabu. Adrenalini, dawa ambayo ingemwokoa palepale, ilikuwa imefungiwa kabatini zahanatini. Tulimkimbiza kwa gari la jirani la kubebea maziwa, naye akafika akingali hai. Hiyo ilikuwa bahati, wala haikuwa tiba.

Simlaumu muuguzi yule. Nawalaumu waliomtuma. Adrenalini huja katika kichupa cha kioo cha mililita 1, na nusu yake yamtosha mtu mzima, ikidungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Asipopata nafuu, hudungwa tena baada ya dakika 5. Mgonjwa hulazwa na miguu kuinuliwa, ila akitatizika kupumua huachwa aketi. Aghalabu watu hukimbilia vidonge vya kuzuia mwasho, lakini vidonge hivyo havifungui koo kwa wakati.

Huenda msomaji akasema kwamba sindano hizo zimepitwa na wakati. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza utaratibu ule mwaka 2017, na hata kifua kikuu sugu sasa hutibiwa hasa kwa vidonge. Hata hivyo, rifampisini nayo yaweza kumletea mtu mzio wa ghafla, hususan anayeirudia baada ya kuikatiza. Na vidonge havijawa salama sikuzote: mwaka 1991 matabibu waliripoti jinsi thiasetazoni, kidonge rahisi kilichotumika sana nchini, kilivyowababua ngozi wagonjwa wa Nairobi waliokuwa na virusi vya Ukimwi, na baadhi yao wakafa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa vyuo vya uuguzi: mwanafunzi asiulizwe kipimo cha adrenalini katika karatasi ya mtihani tu. Apewe saa na mkoba, aingizwe katika chumba chenye giza, aonyeshe mkono wake unakwenda wapi kwanza. Aidha ajifunze kumwuliza mgonjwa, kabla ya dozi ya kwanza, kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha.

Shangazi alimaliza matibabu bila streptomaisini. Muuguzi yule aliporudi kumjulia hali, alinionyesha vichupa viwili vya adrenalini alivyovifunga kwa karatasi nyeusi visipigwe na mwanga. Alikuwa amevinunua kwa pesa zake mwenyewe.