Usimamizi wa Laha za Michoro katika Programu za Usanifu Majengo

Katika uchoraji wa mkono, kila laha ilikuwa mchoro unaojitegemea. Katika programu za modeli kama Revit, iliyotolewa mwaka 2000, laha ni dirisha la kuitazamia modeli moja: ramani ya sakafu, mikato na jedwali la milango hutolewa humo na kupangwa kwenye karatasi, kwa mfano ya A1 yenye milimita 594 kwa 841. Makala hii inaeleza faida na hatari ya utaratibu huo.

Alama ya mkato hujiandikia yenyewe namba ya laha ulimowekwa mkato huo. Laha 201 ikibadilishwa kuwa 205, alama zote zinazoirejelea hubadilika papo hapo. Hata hivyo, laha iliyokwisha kuchapishwa na kufikishwa kwenye eneo la ujenzi haibadiliki. Fundi anayesoma ramani mpya pamoja na kitita cha zamani ataelekezwa kwenye laha asiyokuwa nayo au, vibaya zaidi, kwenye laha nyingine yenye namba hiyo hiyo.

Kwa hiyo, namba ya laha isibadilishwe baada ya kutolewa. Namba ya laha iliyofutwa isitumiwe tena. Na kila badiliko liandikwe kwenye laha yenyewe kwa herufi ya toleo, tarehe na sababu. Nazo mamlaka za vibali vya ujenzi zidai orodha ya laha na matoleo yake, ili mkaguzi ajue kwamba karatasi aliyoishika ndiyo iliyoidhinishwa.