Kompyuta za watoto ziligoma kupokea programu

Wengi mmetuuliza njiani kwa nini watoto wa zamu ya asubuhi walikaa wiki mbili bila kugusa kompyuta. Kuna waliosema zimekufa. Hazikufa. Ziligoma tu kupokea programu mpya, na leo sisi walimu wa kujitolea tunaeleza ilivyokuwa, maana vijana wenye mashine zao nyumbani wanakutana na mambo yaleyale.

Kompyuta zetu zinatumia Ubuntu, ambayo ni ya bure. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ndani yake kuna mtumishi anayeitwa apt. Unamtajia jina la programu, naye anakwenda kwenye ghala lililoko intaneti, anachukua kifurushi chake pamoja na vifurushi vingine ambavyo hicho kinavitegemea. Tulitaka GCompris, yaani michezo zaidi ya 100 ya kuhesabu, herufi na kushika mausi. Wanaojua Kifaransa wakilisoma jina hilo kwa sauti watasikia «nimeelewa».

Mashine ya kwanza ilikataa hata kutazama ghala. Iliandika «not valid yet», maana yake orodha ya ghala bado haijafikia tarehe yake. Itawezekanaje? Tukatazama saa ya kompyuta, kumbe iko mwaka 2015! Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, inayoshika saa hata umeme ukikatika. Ikiisha, saa inarudi nyuma. Mtumishi akiona orodha ya mwaka huu wakati kwake ni 2015, anadhani anadanganywa. Tukaweka tarehe kwa mkono, akakubali. Mpaka betri mpya ipatikane, tunaipanga kila asubuhi kabla watoto hawajaingia.

Shida ya pili ndiyo iliyotukalisha usiku. Vifurushi vilikuwa vimeshuka, vinapangwa, jenereta ikazimika. Umeme uliporudi, kila tulichojaribu kilijibiwa «dpkg was interrupted». Huyo dpkg ni fundi anayefanya kazi chini ya apt: apt analeta, dpkg anapanga. Alikatizwa katikati, na hapokei kazi nyingine kabla hajamaliza ile ya kwanza.

Kijana mmoja akashauri tufute diski yote tuanze upya. Tulikataa kabisa. Mashine ile ina barua za watu za kuomba shule, ina nakala za vyeti ambavyo karatasi zake zilipotea njiani, ina picha za ndugu waliobaki nyumbani. Programu ikipotea utaipata tena. Picha ya marehemu baba wa mtu haimo kwenye ghala lolote.

Tukafungua dirisha jeusi la amri tukaandika:

sudo dpkg --configure -a

Mashine itadai neno la siri, na unapoliandika huoni hata nukta moja. Usiogope, inaandika. Baada ya hapo tukaandika amri ya kuziba mapengo ya vifurushi vilivyokosekana:

sudo apt-get -f install

Ndipo tukaomba GCompris tena, na ikaingia. Vilivyoshuka kabla umeme haujakatika havikushushwa upya, hivyo bando halikuliwa mara mbili. Hilo si dogo, kwa kuwa bando ni michango yenu.

Jambo la bando lina siri yake. Ukitumia apt-get, vifurushi vinabaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Ukiandika apt peke yake, vinafutwa kazi ikiisha. Sisi tulitumia apt-get, tukavibeba kwa flashi, tukavimwaga kwenye folda ya kila mashine, na ndani ya folda hiyo tukaandika sudo apt-get install ./*.deb. Tumeshusha mara moja tu kwa mashine zote zenye Ubuntu ya toleo moja. Toleo likiwa tofauti usijaribu, utaongeza matatizo.

Iliyobaki ni ile ya karibu na mlango. Yenyewe inajibu 404, yaani kitu hakipo hapo. Ina Ubuntu 19.10, toleo la Oktoba 2019 lililoacha kuhudumiwa Julai 2020. Vifurushi vyake vilihamishiwa ghala la vitu vya kale, old-releases.ubuntu.com. Tungeweza kubadilisha anwani katika faili la /etc/apt/sources.list ikafanya kazi, ila haitapata tena marekebisho ya usalama, na watu wanaandikia barua zao hapo. Bora iwekwe toleo la LTS, lile linalohudumiwa miaka 5.

Hiyo itabidi ifutwe. Kwa hiyo kila mwenye faili ndani yake aje na flashi, Jumatatu hadi Alhamisi baada ya vipindi. Asiye na flashi aje hivyohivyo, tutamhifadhia kwenye mashine nyingine chini ya jina lake. Wazee na akina mama wasiokumbuka faili zao zinaitwaje, njoni tutafute pamoja. Hatutagusa diski hiyo kabla orodha ya majina yote iliyobandikwa mlangoni haijawekewa alama.