Fahamu: Farasi wa jimnastiki ni nini, na wanasarakasi wa Bagamoyo wako karibu naye kiasi gani?

Ni kifaa cha jimnastiki ya wanaume: kiwiliwili kilichofunikwa ngozi, urefu sentimita 160, chenye vishikio viwili juu. Kimo kutoka sakafuni ni sentimita 115.

Kwa nini kinatajwa sana?

Katika Olimpiki ya Paris 2024, Stephen Nedoroscik wa Marekani alivua miwani, akapanda, akaondoka na medali mbili za shaba, ya timu na ya mchezaji mmoja mmoja. Dhahabu ya kifaa hiki ilikwenda kwa Rhys McClenaghan wa Ireland.

Ugumu uko wapi?

Mchezaji hubebwa na mikono tu huku miguu ikizunguka. Kila mguu unapopita, mkono mmoja huachia na mwili wote huegemea uliobaki. Hakuna kusimama kuvuta pumzi. Mguu ukigusa ngozi, pointi hukatwa. Kwangu, ndicho kifaa kisichomsamehe mtu.

Na Bagamoyo?

Sarakasi ya kisasa nchini ina mizizi China, walikokwenda vijana wa Kitanzania kujifunza miaka ya 1960. Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Sarakasi hufundishwa humo pamoja na ngoma, muziki na maigizo.

Sarakasi ya jukwaani haina majaji wa pointi. Lakini kusimama kwa mikono kunadai viganja, mabega na kiuno kilekile, na vijana wenye msingi huo wanastahili kuwekewa vifaa vya jimnastiki.